Shajara ya mradi: Uluguru kwa miguu ya wastaafu wawili

Juni, mwanzoni

Masharti ya mradi nayaandika leo kabla wifi hajaanza kuyageuza. Kila wiki tunatoka angalau mara moja, mvua na misiba ikituruhusu. Safari ni ya siku moja: tunaondoka saa 12 asubuhi, tunarudi jua likiwepo. Pa kuanzia pawe pale bodaboda au daladala inapofika, kwa sababu fedha ni ya pensheni, na kila mstaafu wa nchi hii anajua kikokotoo cha mafao kilimwachia nini. Na shajara naandika mimi. Miaka yote nilikuwa mhasibu wa halmashauri, jambo lisiloandikwa huwa silioni kama limefanyika.

Lengo ni hili: hadi mwisho wa mwaka tuwe tumezijua njia zinazopanda milima ya Uluguru kutokea huku mjini, halafu tuamue kama Lupanga tunaipanda au tunaiacha. Morogoro mjini ni kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kimepita mita 2,100. Kwetu Singida hakuna kitu cha namna hiyo. Kuna majabali, unayazunguka na kuendelea na safari. Nilihamishiwa hapa kikazi, nikaolewa hapa, nikazeekea hapa, na mlima nikauacha ukae nyuma ya nyumba. Wifi yeye kazaliwa huko juu. Alishuka kuja kusoma, akawa muuguzi wa wodi ya watoto, na tangu hapo alikuwa akipanda kwa misiba na mirathi tu.

Mume wangu tulimkaribisha. Kasema milima ipo, haiendi popote, naye pia haendi popote.

Vifaa: viatu vya mitumba vyenye soli ya meno, shilingi 25,000 baada ya kuombwa 40,000. Fimbo mbili za mpera, bure, kutoka uani. Begi la mgongoni la mjukuu lililochanika zipu moja. Suruali ndani, kitenge juu. Wifi anasema mwanamke wa umri wetu akipita vijijini na suruali peke yake atajibu maswali mpaka jioni. Chai ya tangawizi kwenye chupa, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga. Maji lita mbili kila mtu. Nilidhani ni mengi.

Juni, katikati

Tumefuata mto Morogoro kutoka barabara ya Boma kwenda juu, bila kusudio la kufika popote. Lami inaisha, nyumba zinapungua, halafu ghafla unatazama mabati ya mji kutoka juu na kuanza kutafuta la kwako.

Wifi ana kipimo chake cha mwendo. Hospitalini wangeeleza kwa mapigo ya moyo, yeye anasema, "Ukishindwa kusengenya, punguza mwendo." Kinafanya kazi. Kwenye mwinuko wa kwanza nilikuwa namsimulia habari ya jirani yetu na kiwanja chake, sentensi ikakatika katikati, akasimama. Tukapumzika, nikamalizia kiwanja, tukaendelea. Wote wawili tuna dawa za presha, kwa hiyo kipimo hiki si mzaha mtupu.

Saa moja kasoro tulikutana na wanaoshuka. Nilikuwa nimewaona miaka yote pale Soko Kuu la Chifu Kingalu, wamekaa nyuma ya mafungu yao ya ndizi, magimbi, mboga na stroberi. Sikuwahi kuwaona wakiwa njiani. Wanashuka kwa mstari, mzigo kichwani, mikono imeachiwa, miguu ndani ya yeboyebo, kwenye udongo mwekundu ambao mimi nilikuwa naupima kwa fimbo hatua kwa hatua. Walituamkia, wakauliza msiba uko wapi. Wanawake wawili wazima, vitenge, asubuhi, wanapanda mlima: wangefikiri nini kingine? Wifi akajibu kwamba hakuna msiba, tunatembea tu.

"Mnatembea tu?"

"Tunatembea tu, mwanangu. Tumestaafu."

Kicheko kilishuka nao mpaka kwenye kona. Mmoja aligeuka akapaza sauti kwamba kama kazi hatuna, tumsaidie mkungu hadi sokoni.

Nimeongeza sharti: anayeshuka na mzigo ndiye mwenye njia. Sisi tunatoka, tunasimama pembeni, upande wa mlimani na si wa korongoni, mpaka mstari uishe.

Julai

Morningside. Hii ndiyo safari ambayo kila anayeishi Morogoro husema aliwahi kwenda au ataenda. Ni nyumba waliyoijenga Wajerumani mwaka 1911, juu kabisa, pa kukimbilia joto. Leo imebaki gofu. Kijana mwenye mapafu anafika kwa saa mbili. Sisi tulitumia karibu nne, na sitaki mtu anihurumie, kwa sababu saa mbili za ziada ndizo zilizokuwa na mambo.

Kwanza maji. Njia inapita kwenye vijito vidogo, na kila kijito kina mtu: anayefua, anayemwagilia mboga kwa ndoo, mtoto anayechota kabla ya shule. Mashamba yamesimama wima kiasi kwamba mama mmoja alikuwa akipalilia mbele ya uso wake, hakuinama. Pili baridi. Julai Morogoro mjini unavaa sweta asubuhi unalivua saa tatu; huko juu hatukuvua. Tatu wifi: kila nyumba ya tatu kuna mtu wa kumwamkia, na Mluguru hakusalimii kwa haraka. Unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mzee, za mji, na mwisho za miguu.

Tulikaa kwenye ukuta wa nyumba ya Wajerumani tukala viazi. Mji wote uko chini, reli, barabara ya Dodoma, upande wa kaskazini mlima wa Nguru ya Ndege umejitenga peke yake. Nilijaribu kuionyesha ofisi yangu ya zamani, nikaikosa. Wifi aliiona hospitali mara moja.

Kushuka ndiko kulikoniuma. Watu husema kupanda ndiko kazi, lakini kupanda kunachosha pumzi, na pumzi hurudi ukikaa. Kushuka kunakula magoti, maana kila hatua msuli wa paja unakaza kuzuia uzito wote. Wifi alinifundisha hatua fupi, mguu ukanyage wote, kona kali uishuke kwa kukata kushoto na kulia kama ng'ombe wanavyofanya, na fimbo itangulie kabla ya mguu. Tulifika bondeni saa tisa.

Matumizi: bodaboda kwenda na kurudi, watu wawili, 8,000. Stroberi tulizonunua njiani kwa mwenye shamba, 5,000. Mume wangu alizila zote kabla sijavua viatu.

Julai, mwishoni

Goti la kulia limevimba kidogo. Wiki mbili tambarare. Tumetembea ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Sokoine, kwenye vivuli, tukatazama mashamba ya majaribio na wanafunzi wakatuamkia "shikamoo bibi" mpaka wifi akachoka kuitikia. Hii nayo naihesabu. Mradi ni kutoka nje, mlima umetajwa tu kwa sababu uko karibu.

Agosti

Mdogo wangu amekuja kutoka Dar es Salaam. Zamani kuja kwake kulikuwa kazi: basi, foleni ya Kimara, foleni ya Chalinze, anafika amekasirika. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, anapanda asubuhi na kabla ya saa mbili hazijaisha yuko hapa, hajakasirika bado.

Tulimpeleka kwenye njia ya mto, mpaka kwenye maporomoko madogo yaliyo juu ya mashamba. Alikuwa na simu ya picha na viatu vyeupe. Viatu vilikwisha kazi kwenye kijito cha kwanza. Alipokaa kwenye jiwe kuvisuuza, akalalamika kwamba kwake maji yametoka mara mbili wiki ile. Wifi akamwambia anayachezea hayo hayo. Ni kweli: mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayoinywesha Dar kwa sehemu kubwa. Mwishoni mwa 2021 Ruvu ulipopungua, Dar ilipewa maji kwa mgawo. Mdogo wangu aliukumbuka mgawo vizuri sana. Hakuwahi kujiuliza yale maji yanaanzia wapi. Mimi nami nilikuwa nikilipa ankara tu.

Ndiyo maana huko juu kuna mpaka. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilitangazwa mwaka 2008, zaidi ya hekta 24,000, inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Ukiwa shambani jua linakuchoma kisogo. Ukivuka mpaka, hatua chache tu, unaingia kwenye ubaridi, ukungu unadondoka kutoka kwenye majani na ardhi inabonyea. Kuna ndege wa jamii ya mbwigu anayeishi kwenye milima hii tu, duniani hakuna pengine. Hatukumwona. Tuliona kima, na kima walituona kwanza.

Septemba, wiki ya kwanza

Shamba la ukoo. Hii haikuwa kwenye mpango, wifi alisema tu, "Leo tunapita kwa mama." Mama yao alifariki zamani. Kumbe "kwa mama" ni shamba.

Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Nimeolewa ndani ya ukoo huu muda mrefu na jambo hili nililijua kwa maneno, kama mtu anavyojua kifungu cha kanuni ambacho hakijawahi kumgusa. Kulijua kwa miguu ni kitu kingine. Tulipanda kwa saa tatu, tukatokea kwenye ubavu wa mlima wenye migomba, magimbi, miti miwili ya mparachichi na kaburi. Wifi alianza kuonyesha mipaka kwa fimbo: hapa mpaka mdalasini ule, pale mpaka jiwe, kule ni wa mama mdogo. Watoto wake ndio wenyewe hapo. Wa kwangu ni watoto wa kaka wa mtu. Watakaribishwa ndizi, watalala wakitaka, hawatagawiwa. Nilimtania kwamba basi mimi kwenye mradi huu ni mtalii kabisa. Akasema, "Mtalii hulipa," akanikabidhi jembe.

Tulipalilia nusu saa, kwa mteremko. Sijawahi kufanya zoezi la namna ile.

Upande wa chini wa shamba kuna mabaki ya ngazi za udongo, zimeota majani, ukipita haraka huzioni. Baba mkwe alikuwa akizisimulia. Serikali ya kikoloni iliamua kwamba Waluguru wanaharibu mlima kwa mmomonyoko, ikawalazimisha kuchimba ngazi. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri. Lakini udongo wa rutuba huku ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi unaufukia, unaleta juu udongo mgumu usiozaa. Watu walitoka jasho, mahindi yakatoka njano. Mwaka 1955 Uluguru ikakataa, pakawa na ghasia na mpango ukafa. Kwa mhasibu hili ni somo chungu: hesabu zilifungwa bila kumuuliza mwenye jembe. Nilikaa kwenye moja ya ngazi hizo nikanywa chai. Ilikuwa nzuri kwa kukalia.

Kurudi tulikata njia kwenye kichaka tukakutana na upupu. Asiyeujua ashukuru. Ni maganda yenye manyoya ya kahawia yanayopeperuka ukiyagusa, na ngozi inawaka hapo hapo. Nilitaka kunawa, wifi alinishika mikono yote miwili. Tulisuguana majivu kwenye nyumba ya kwanza, na wenye nyumba walicheka kwa heshima, yaani waligeuka pembeni kwanza. Sasa mifuko ya begi ina majivu kwenye kopo la dawa, na shati la mikono mirefu si hiari tena.

Septemba, mwishoni

Lupanga. Tulipita ofisi ya hifadhi siku moja kabla, tukaandikisha majina, tukalipa kiingilio na mwongozaji. Mwongozaji ni kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alituangalia, akaangalia viatu, akauliza kwa adabu kama mama zake wamewahi kupanda. Wifi akamjibu kwa Kiluguru. Sikuambiwa alisema nini, lakini kijana alibeba begi langu kuanzia hapo.

Tulikubaliana jambo moja kabla ya kuanza: saa sita mchana, popote tulipo, tunageuka. Saa ndiyo inaamua, si kilele. Kijana alishangaa, maana wageni wake humwambia lazima wafike. Lakini hesabu ni rahisi. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, chini ya miti giza linatangulia, na sisi kushuka kunatuchukua muda karibu sawa na kupanda. Tulianza saa 12 alfajiri. Aliyetumia nusu ya mchana kupanda asiongeze.

Njia hii kwenye ramani ni fupi. Imesimama tu. Baada ya mpaka wa msitu hakuna tena kutembea kwa maana ya kutembea. Unashika mzizi, unavuta, unatafuta pa kuweka mguu, unashika mwingine. Kusengenya kulikwisha saa mbili na nusu. Maji yangu lita moja ilikwisha saa nne. Mara kwa mara miti inaachia upenyo, unaona mawingu yako chini yako, na mji haupo.

Saa sita ilitukuta ndani ya msitu, juu ya bega la mlima. Kijana alisema bado saa moja, labda na nusu kwa mwendo wetu. Alisema pia kwamba tumefika mbali kuliko alivyotegemea, na naamini hakuwa anatubembeleza kwa sababu alilisema kwa mshangao. Tukala mayai, tukageuka. Wifi hakunung'unika. Mimi nilinung'unika kidogo, mpaka mteremko wa kwanza, ambapo nilihitaji magoti yote niliyokuwa nayo na lita ya pili ya maji.

Tulifika barabarani saa kumi na moja na robo. Wote wazima.

Mume wangu aliuliza kama tulifika. Nikamwambia tulifika saa sita.

Oktoba

Joto. Tumekwenda Kinole, upande wa mashariki, kwa gari la abiria lililojaa mpaka mtu wa mwisho akawa nusu nje. Upande ule ndio unaopokea pepo za bahari, kwa hiyo mvua ni nyingi kuliko huku kwetu, na kila kitu kinaota: karafuu, mdalasini, pilipili manga, mananasi. Kutembea kwenyewe kulikuwa kwepesi, chini ya vivuli. Nimerudi na kilo moja ya pilipili manga ambayo sijui nitaimaliza lini.

Novemba

Mvua za vuli zimeanza na njia za juu tumezifunga sisi wenyewe. Udongo ule mwekundu ukilowa unateleza kuliko sabuni, na mto Morogoro unajaa haraka kwa sababu milima imesimama. Mvua inanyesha juu, huku chini jua linawaka, halafu maji yanakuja kwa kelele. Wanaoishi huko wanapanda na kushuka hata hivyo, soko halisubiri kiangazi. Sisi tunaweza kusubiri, na sioni sababu ya kujifanya hatuwezi.

Badala yake: asubuhi mbili Bwawa la Mindu, tukitazama ndege wa majini kutoka mbali na ukingo. Wavuvi wanashauri ukingoni pasizoewe. Wifi alijaribu darubini ya mjukuu, akasema anaona ndege wengi na jina la hata mmoja hana. Kununua kitabu cha ndege kumeingia kwenye bajeti, mstari wa "mengineyo".

Desemba

Hesabu za mwisho wa mwaka. Gharama kubwa kuliko zote ni mwongozaji na kiingilio cha Lupanga, na ndiyo ambayo sitaikata. Ya pili ni bodaboda. Ya tatu, nashangaa, ni vyakula tunavyonunua njiani: stroberi, maparachichi, ndizi za kupika. Mwanzoni nilivinunua kwa aibu kidogo, kwa kuwa tunatumia njia zao kwa starehe. Sasa nanunua kwa sababu ni vizuri na bei ni ya shambani. Wale wa mstari wa asubuhi wanatujua. Mmoja hunipigia simu niagize kabla sijapanda, nichukue wakati wa kushuka, yeye aokoe safari ya sokoni siku hiyo. Kwa hiyo nashuka na mzigo, na hivi karibuni kijana mmoja wa mjini mwenye viatu vya gharama alisogea pembeni akanipisha.

Njia zinazoanzia mjini tumezijua, isipokuwa ile inayopanda kuelekea minara ya Bondwa, ambayo tumeiweka Juni. Lupanga tutarudi Agosti na tutaanza saa 11 alfajiri kwa tochi. Kijana wa hifadhi amekubali, akasema atawaleta na wenzake waje kuona.

Wifi anataka Sanje kabla ya hapo. Ni kule Mang'ula, Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa, maporomoko ya mita 170, kupanda na kushuka ni nusu siku ukiwa na askari wa hifadhi. Haitoshei siku moja kutoka hapa, lazima kulala usiku mmoja. Nimepiga hesabu ya nauli na chumba kwa watu watatu, maana mume wangu naye amesema atakwenda, ila atabaki chini kwenye kivuli na magazeti yake, na chakula cha mchana kisipandishwe mlimani.